Jua Lililochafuka na Nchi Inayotikisika



Sisi wa Silanga, huku Kibera karibu na bwawa la Nairobi, hatujaisahau Julai 2007. Jioni ya tarehe 17 mabati yalilia bila upepo, na mjini watu wakashuka mbio kutoka katika maghorofa. Chanzo kilikuwa mbali, karibu na Mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania. Tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 5.9.

Nchi itikisikapo, hawakosi watu wa kututajia tarehe. Husema jua limechafuka, basi siku fulani nchi itapasuka. Je, tuwaamini?

Ni kweli jua lina dhoruba zake. Ile ya Septemba 1859 ilivuruga simu za maandishi huko Ulaya na Marekani. Ya Mei 2024 ilikuwa kubwa kuliko zote tangu 2003. Wataalamu hulichungulia jua kila siku na kutoa habari zake, kama tutangaziwavyo mvua. Dhoruba hizo husumbua setilaiti, redio na nyaya za umeme. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba hutikisa nchi.

Historia yetu yashuhudia. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la kipimo cha 6.9 liliipasua nchi huko Subukia, ufa wa zaidi ya kilomita 30. Mwaka ule jua lilikuwa katika kilele cha machafuko yake. Mwaka 2007 lilikuwa limetulia, na nchi ikatikisika vile vile. Sababu iko chini ya miguu yetu: Bonde la Ufa lapanuka polepole, na miamba huvutwa hata ikakatika. Siku ya kukatika hakuna aijuaye.

Basi tufanyeje? Mwaka 1928 Kibera ilikuwa makao ya askari Wanubi na jamaa zao, na nyumba zilikuwa chache. Leo tumebanana, na maghorofa yameinuka pande zote. Apunguzaye saruji na nondo ili apate faida amemtegea jirani yake mtego. Azibaye kichochoro amemfungia mlango wa kukimbilia.

Nabii Eliya, pale Horebu, hakumkuta Bwana katika tetemeko. Baadaye ilimjia sauti ya upole, ikamwuliza anafanya nini pale. Nasi, ndugu zetu, twaulizwa vivyo hivyo leo, kabla nchi haijatikisika.