Presha ya mjamzito, ya bibi na ya mtoto: namba zisomwe vipi?

Huenda umewahi kutoka kliniki na kadi iliyoandikwa 118/76 bila kuelezwa maana yake. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa wakati moyo unasukuma. Namba ya chini ni nguvu hiyo moyo ukiwa umetulia kati ya pigo na pigo. Hilo ndilo shinikizo la damu, au presha.

Nyumba moja ya Njiro inaweza kuwa na mjamzito, bibi, baba mwenye kisukari na mtoto wa shule. Mashine ya presha ni moja, lakini namba zao hazisomwi kwa namna moja. Pia kipimo kimoja hakitoshi: angalia namba zinaelekea wapi siku hadi siku.

Mama mjamzito

Kwa kawaida presha hushuka kidogo katikati ya ujauzito, kisha hupanda tena miezi ya mwisho. Ndiyo maana unashauriwa kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12. Ukienda mara ya kwanza ukiwa na miezi mitano, huenda presha uliyokuwa nayo tangu mwanzo isionekane, na mhudumu hana namba ya kulinganisha nayo.

Presha ya 140/90 au zaidi kwa mjamzito si ya kusubiri kliniki ijayo. Apimwe tena na mkojo upimwe protini. Ikifika 160/110, ni dharura. Kifafa cha mimba mara nyingi hutanguliwa na presha ya namna hii baada ya wiki ya 20, na mama anaweza kujisikia mzima kabisa. Kwa hiyo kila unapohudhuria kliniki, uliza: "Presha yangu leo ni ngapi? Mkojo umepimwa?"

Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:

- kichwa kinauma sana na hakitulii
- macho yanaona ukungu au nyota
- maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu (wengi hudhani ni vidonda vya tumbo)
- uso au mikono kuvimba ghafla
- kupumua kwa shida
- mtoto tumboni kupunguza kucheza

Mweleze mhudumu mapema kama hii ni mimba ya kwanza, una mapacha, una kisukari au ugonjwa wa figo, au uliwahi kupata presha katika mimba iliyopita. Baadhi ya akina mama hupewa aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 20, lakini usijinunulie. Kama ulikuwa unatumia dawa za presha kabla ya mimba, mwone daktari haraka, kwa sababu baadhi, kama enalapril na losartan, hazimfai mtoto tumboni.

Mama aliyejifungua

Hapa ndipo familia nyingi hulegea. Mtoto amezaliwa salama, mtori unapikwa, wageni wanakuja. Mama mzazi akisema kichwa kinauma, anaambiwa ni uchovu. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua, hasa siku za mwanzo, na hatari huendelea hadi wiki 6. Wewe unayemlea mzazi ndiwe jicho lake. Kichwa kikimuuma sana au macho yakiwa na ukungu, apimwe presha siku hiyo hiyo.

Akipata degedege, mlaze ubavu wa kushoto, usimtie kitu mdomoni, na tafuta usafiri mara moja. Tanzania ina mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama: piga 115 bila malipo kwa mjamzito, mama mzazi au mtoto mchanga. Hata hivyo, panga mapema nani mwenye gari atakayewapeleka usiku kutoka Njiro hadi Hospitali ya Mount Meru au hospitali nyingine iliyo karibu.

Bibi na babu

Kwa wazee namba ya juu mara nyingi hupanda peke yake, mfano 165/75. Usiseme "ya chini iko sawa". Hata hiyo ya juu huleta kiharusi. Wazee pia hupata kizunguzungu wakisimama ghafla. Mpime akiwa amekaa, kisha dakika moja na dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambie daktari. Usimwachishe dawa mwenyewe.

Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo

Mara nyingi madaktari hulenga presha yake iwe chini ya 130/80, kwa sababu kisukari na presha kwa pamoja huharibu figo, macho na moyo haraka zaidi. Angalia chumvi: kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5. Kumbuka magadi yanayolainisha makande na maharage nayo yana sodiamu kama chumvi.

Mtoto

Usitumie namba za watu wazima kwa mtoto mdogo. Presha yake husomwa kwa umri, jinsia na urefu, na kwa mkanda mdogo unaomtosha. Akivimba uso asubuhi au mkojo ukawa na rangi ya kola, mpeleke akapimwe presha na mkojo.

Ukipima nyumbani

- Kojoa kwanza. Usinywe kahawa wala chai nusu saa kabla.
- Kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, usikunje nne.
- Mkanda uwe juu ya kiwiko, usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa isiyo ya kweli.
- Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7. Andika tarehe, saa na namba zote.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, wastani wa 135/85 au zaidi nyumbani ni sababu ya kumwona daktari. Nenda na daftari hilo pamoja na kadi. Namba za wiki nzima zitamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja ulichopimwa ukitoka kushuka kwenye daladala.