Mahindi Yalikuwa Yametoa Ndevu

Mwezi wa tano mwaka jana dada yangu alinipigia simu kutoka Makutano, Meru. "Niko na elfu kumi na tano, watoto kumi na wawili, na huyu msichana anataka Frozen. Fanya kitu."

Kwetu mimi ndiye wa kufanya vitu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Sasa naandika, na makala zisipolipa napuliza baluni. Kati ya Embu na Meru nimepamba bathdei za Spiderman, za nguva, za dinosau, na moja ya trekta, ambayo naona ndiyo iliyoshinda zote kwa sababu mtoto mwenyewe ndiye aliyeiomba, si mama yake.

Elfu kumi na tano si mbaya, ila dada alikuwa amezoea zaidi. Bwanake ni wa Maua, na Maua pesa ni miraa. Bathdei ya kifungua mimba wao ilikuwa na hema na kasri la kurukaruka. Kisha Somalia ikafunga soko mwaka 2020 na kulifungua Julai 2022, na wao hawajawahi kurudi pale walipokuwa.

Sasa, huyu binti wa pili ana jina la mama yetu. Ndiyo desturi tuliyokulia: msichana wa kwanza ni wa mama ya baba, wa pili ni wa mama ya mama. Kwa hivyo dada humwita mtoto wake "mum", na mama huniita mimi "vava", yaani baba, kwa sababu nimebeba jina la babake. Ukiingia kwetu bila kuelezwa utadhani watu wamechanganyikiwa.

Mama alipofika kutoka Runyenjes akatukuta tukibishana kuhusu bei ya keki ya rangi ya samawati. Akauliza, "Na mimi, vava, nilizaliwa lini?"

Nikasema tarehe moja Januari 1956, maana ndivyo kitambulisho kinavyosema. Akacheka. "Hiyo ni siku ya karani."

Nimelifikiria sana hilo neno tangu siku ile. Kwa muda mrefu huku kwetu, siku ya mtu haikuwa yake peke yake. Embu walikuwa na Nyangi na Kimanthi, vizazi viwili vikipokezana madaraka. Meru walikuwa na Kiruka na Ntiba, na ndani yake marika yenye majina: Lubetaa, Miriti, Guantai, Gichunge. Hata leo ukimuuliza mzee wa Kimeru umri wake, anaweza kukutajia rika, na wenzake wakajua mara moja nani amwamkie nani kwanza. Siku kubwa ilikuwa ya kutahiriwa, na mlipitia wengi pamoja. Kama unataka sherehe yenye mavazi, nyimbo na kazi ya kila mtu iliyopangwa, hiyo ilikuwa nayo yote. Hakuna mpambaji aliyehitajika.

Lakini siwezi kuipamba kupita kiasi. Sherehe ya msichana ilikuwa na wembe ndani. Njuri Ncheke walipopiga marufuku tohara ya wasichana Meru mwaka 1956, wasichana wengi walikataa wakajitahiri wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Nilisoma habari zao maktabani, wakati nilipokuwa bado na kadi ya maktaba, nikashindwa kulala. Sijui kama kuna kitu kinachoonyesha zaidi jinsi mtoto anavyoogopa kuachwa nje ya sherehe ya wenzake. Leo ni mtoto asiye na kofia ya karatasi. Wakati ule ilikuwa ni kubaki mtoto milele.

Tarehe zilikuja na wamisheni na serikali. Anglikana walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakaja Kaaga, na Wakanisa wa Skoti wakajenga Chogoria mwaka 1922. Vitabu vyao vya ubatizo viliandika siku ya maji, siyo lazima siku ya kuzaliwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1928, lakini karatasi ilichukua miaka mingi kufika mashambani. Wengi waliishia na siku ya karani, kama mama.

Siku yake ya kweli ilikuwa hivi. Kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kikuyu, Embu na Meru kwa nguvu, zaidi ya watu milioni moja, kuwapeleka kwenye vijiji zaidi ya 800 ili wasiwalishe Mau Mau msituni. Vingi vilizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, na waliochimba wengi walikuwa wanawake. Nyanya yangu alikuwa kwenye handaki uchungu ulipomshika. Homugadi alimruhusu atoke, akamwambia jembe liachwe pale pale. Kalenda hakuwa nayo. Alichokumbuka, na alichomwambia mama maisha yake yote, ni kwamba upande wa pili wa handaki, kwenye mashamba ambayo hawakuruhusiwa kwenda bila askari, mahindi yalikuwa yametoa ndevu.

"Basi ni Juni," dada akasema polepole. Mahindi ya mvua ndefu. Bathdei ya mtoto ilikuwa tarehe 15 Juni.

Tuliacha keki ya samawati. Nilienda Gakoromone nikanunua makoti ya mitumba na leso, kila mtoto avae kama shosho au guka. Wanaijua hiyo tayari, ni kalongolongo tu, isipokuwa safari hii watu wazima wamekubali kucheza. Tukaweka meza ya kupukuchua mahindi kwa mashindano, bisi badala ya krispi, na sufuria ndogo za kupika kweli, dada akisimamia jiko. Saa mbili tu. Watoto wa miaka mitano wakizidisha saa mbili wanaanza kulia, hata uwapambie nini.

Ilibaki Frozen. Mtoto hakuwa amesahau, watoto hawasahau. Mama akamwita kando, akamenya mahindi machanga, akasuka zile ndevu za manjano nywele moja ndefu, akamfunga begani. Elsa kamili. Ndani ya dakika kumi kulikuwa na foleni ya wasichana, na wavulana watatu, wanataka nywele. Elfu kumi na tano yangu yote, na kilichopendwa zaidi kilikuwa takataka ya shamba.

Keki ilikuwa na jina moja, na mishumaa tuliweka mitano tu. Walikata wote wawili, mkono juu ya mkono. Mtoto mmoja akaja na jagi la maji kummwagia mwenye bathdei, vile tunavyofanya, akasimama katikati hajui amwagie nani. Mama akamtazama tu. Jagi likarudi jikoni.

Jioni nikimsindikiza stejini akaniuliza kama ile tarehe ya kitambulisho inaweza kubadilishwa. Nikamwambia itabidi aende kwa wakili aape, alipie, apeleke na ushahidi.

"Ushahidi wa mahindi?"

"Huo hawataukubali, mum."

Akapanda matatu, akakaa dirishani, akakumbatia kile kipande cha keki tulichomfungia kwa gazeti.