Mpira unaosaidia mama kupona fistula
Baada ya mama kupasuliwa fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo, anawekewa mpira ili kibofu kibaki kitupu na kidonda kifunge. Zamani mpira huo ulifungwa kwa kamba au plasta usitoke. Katika miaka ya 1930, huko Marekani, daktari mpasuaji Frederic Foley na mafundi wa viwanda vya raba waliutia kiputo. Kikijazwa maji ndani ya kibofu, mpira hautoki tena.

Mwaka 2015, utafiti katika nchi 8, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba kwa fistula nyepesi siku 7 za mpira zinatosha sawa na 14. Mama aliyekimbia vita anarudia watoto mapema, na kitanda kinapata mwingine.

Mama anayevuja mkojo asijifiche. Hapa Goma, hospitali ya HEAL Africa inapasua fistula.