UZI: Kabla ya kuuliza maji yataletwa lini, tuulize nani analinda yaliyopo

1/ Msimu wa kampeni ukifika Lamu, maji hayakosi jukwaani. Mmoja atasema "Lamu haina maji". Wa pili atasema wananchi wanayamwaga ovyo. Wa tatu ataahidi visima vipya. Sitaji mtu wala chama hapa. Nataka tuzipime hoja zenyewe kwa historia, manake visiwa hivi vimeshapitia haya zamani. Mimi ni mtu wa Kililana, upande wa bara, na kwetu pia maji yameanza kuwa siasa. Twende polepole.

2/ Kwanza tuelewane kuhusu misimu. Mvua yetu kubwa ni ya masika, kuanzia Aprili hadi Juni hivi. Vuli ya Oktoba na Novemba ni ya kubahatisha. Kaskazi ikishika, Desemba mpaka Machi, ni jua tupu. Na hiyo ndiyo miezi wageni wanajaa Shela na mji wa Amu. Yaani visima vikishuka, ndipo watumiaji wanaongezeka. Hesabu hii haibadiliki hata ukichagua nani.

3/ HOJA YA KWANZA: "Lamu haina maji." Si kweli. Mji wa Amu umekaa karne nyingi kwa sababu ya maji matamu. Mengi yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha pale haikimbilii baharini. Inazama mchangani, inachujika, halafu inatulia chini. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Ule mchanga ambao mgeni anaupiga picha ndio tangi letu.

4/ Sasa sikilizeni hesabu yake. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na takriban mita 40 nyingine chini yake. Geuza hesabu hiyo: ukivuta maji hadi ile ya juu ishuke nusu mita, baada ya muda chumvi inaweza kupanda kama mita 20 kutoka chini. Ndiyo maana kisima cha pwani hakikauki kwa kishindo. Kinaharibika kimyakimya. Siku moja unaonja chai, unauliza nani ametia chumvi.

5/ Mnaona natia chumvi kwenye hadithi? Nendeni Takwa, kisiwani Manda. Ulikuwa mji wa Waswahili, na ulistawi katika karne ya 16 na 17. Msikiti wa Ijumaa bado umesimama, ukuta wa mji upo, kaburi la nguzo lipo. Watu ndio hawapo. Sababu zinazotajwa ni vita na majirani, na visima kuingia chumvi. Wakahama, na wengi wanasimuliwa kuwa walivuka mkondo wakakaa Shela, penye vilima vya mchanga.

6/ Hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kwenye lile kaburi kuomba mvua. Hebu fikiria hilo. Mji umekufa zaidi ya miaka 300, lakini wajukuu bado wanarudi pale, na wanachoomba ni maji. Mimi sijui kumbukumbu ya kisiasa iliyo nzito kuliko hiyo.

7/ HOJA YA PILI: "Wananchi wanapoteza maji." Wapo, sikatai. Lakini utamaduni wa hapa ni wa kubana maji. Ingieni nyumba za kale za Amu: chooni kuna birika la chokaa, unateka kwa kata, unaoga kwa kipimo. Ndani ya birika waliweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini wakajengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kuishi. Kule Pate na visiwa vingine wakajenga jabia, sakafu kubwa ya kukinga mvua na tangi lake. Hawa si watu wa kufundishwa kufunga mfereji.

8/ Basi nani anatumia sana? Tuazime mfano wa jirani zetu. Utafiti uliochapishwa 2012 kuhusu vijiji vya kitalii vya Unguja, yaani Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta mwenyeji anatumia wastani wa lita 93 kwa siku nyumbani. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni: lita 686. Chumba cha hoteli ya nyota tano: lita 3,195. Sisemi wageni wafukuzwe, ndugu zangu. Utalii unalisha manahodha, wapishi, mafundi na wenye punda. Nasema tu kwamba tangazo la "hifadhi maji" lisibandikwe kwa mama mwenye mitungi minne peke yake.

9/ HOJA YA TATU: "Tuchimbe visima zaidi." Rudini namba 4. Visima kumi kwenye tangi moja haviongezi maji. Vinaongeza mirija. Na tangi lenyewe linahitaji paa lake, ambalo ni mchanga ulio wazi. Ukijenga juu yake, mvua haizami sawasawa, na mashimo ya choo yanashuka kwenye maji tunayokunywa. Vilima vya Shela vimetangazwa rasmi kuwa eneo la kulindwa, lakini mabishano ya hatimiliki za viwanja juu yake yamekuja na kurudi kwa miaka. Suala la maji Lamu, ukilifukua, chini utakuta suala la ardhi.

10/ Na sasa Kililana. Hapa ndipo ilipojengwa bandari mpya. Mradi ulizinduliwa Machi 2012, gati ya kwanza ikaanza kazi Mei 2021. Mashamba yaliyochukuliwa yalilipwa kwa ekari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ekari inapimika, samaki wakakadiriwa. Lakini maji ya chini hayana hatimiliki wala chama cha kuyasemea mahakamani.

11/ Bandari italeta watu, na watu watataka maji. Kisima cha kwetu kilichimbwa na babu. Kaskazi iliyopita mama alipika chai, akaonja, akaimwaga, akapika tena. Mara ya pili hakumwaga. Alisema "tutazoea". Neno hilo ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Naamini Takwa pia kuna siku walisema watazoea.

12/ Sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Jedwali la Nne linaweka huduma za maji mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo mgombea akija, msimuulize "utatuletea maji lini?" Hilo kila mtu ana jibu lake.

13/ Muulizeni haya. Je, utafuta viwanja vilivyokatwa juu ya chanzo cha maji, hata kama mwenyewe ni rafiki yako? Je, kila hoteli itakuwa na mita, birika la mvua, na bei inayopanda kadiri inavyovuta zaidi? Je, kabla ya Kililana kuwa mji, nani atapima maji ya chini, na matokeo yatabandikwa wapi tuyasome? Akikwepa, mmeshapata jibu.

14/ Wenye visima Shela, Mokowe, Hindi, Pate: semeni hapa chini maji yenu yana ladha gani kaskazi hii. Andikeni na mwaka. Tuweke kumbukumbu wenyewe.