Shukrani juu ya Mawe Meusi

Kumshukuru Mungu siku ya mavuno si kazi ngumu. Lakini mkristu anayesimama pahali nyumba yake ilipokuwa, na haoni tena kitu isipokuwa jiwe jeusi, atamshukuru Mungu namna gani? Hapa Goma swali hili si la vitabu. Mlima Nyiragongo umetuuliza mara tatu, na inafaa tuangalie kwanza mambo yaliyopita, kiisha tujibu.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 10 ya mwezi wa kwanza, mwaka 1977. Ziwa la moto lililokuwa ndani ya shimo la mlima lilimwagika kwa muda usiotimia saa moja. Moto ule ulikuwa mwepesi, ukashuka mbio, na wenyeji wengi wa kando ya mlima hawakupata nafasi ya kukimbia. Mji wenyewe ulipona.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, mwaka 2002, sikukuu ya mtakatifu Antoni Abati. Inchi ilikuwa bado katika vita. Mlima ulipasuka upande wa kusini. Moto ukaingia katikati ya mji, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukafika mpaka Ziwa Kivu. Watu wapata 400.000 walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Katedrali ya Mtakatifu Yosefu iliangamia pamoja na nyumba maelfu. Askofu Faustin Ngabu, aliyeongoza jimbo tangu mwaka 1974, alibaki mchungaji asiye na katedrali. Lakini siku chache tu zikapita, na watu wakaanza kurudi, wakikanyaga mawe ambayo hayajapoa.

Mara ya tatu ilikuwa tarehe 22 ya mwezi wa tano, mwaka 2021, jioni ya Kesha ya Pentekoste. Moto ulishuka tena, ukala vijiji, ukaishia Buhene, karibu na kiwanja cha ndege. Watu wapata 30 walikufa.

Siku zile wengi walisema: «Asante Mungu, moto haukutufikia.» Ni neno jema. Lakini tujihadhari! Yule wa Buhene aliyeunguliwa na nyumba, je, Mungu hakumpenda? Tukumbuke Mfarisayo wa Injili: sala yake ilianza na shukrani, ndiyo, lakini alishukuru sababu yeye si kama wengine. Shukrani inayomsahau jirani haifiki mbali.

Wengine walisema kwamba moto ni azabu ya zambi. Wenye elimu wanatuonyesha kwamba inchi yetu iko juu ya ufa mkubwa wa dunia, unaofunguka polepole; ndiyo maana mlima unapasuka. Tusimshukuru Mungu kwa ajili ya moto, wala tusimsingizie kwamba alitaka kuwaua watoto wake. Lakini hata ndani ya moto tunaweza kumshukuru, sababu yeye hakutuacha.

Na mwalimu wetu ni nani? Ni Bwana Yezu Kristu mwenyewe. Usiku ule aliotolewa, akijua vizuri mambo yatakayompata, alitwaa mkate akashukuru. Hakushukuru kwa ajili ya usaliti wa Yuda, alimshukuru Baba. Ndiyo maana Wagriki waliita fumbo lile Ekaristia, maana yake shukrani. Na tuangalie: hata katika Misa ya wafu padri anatualika kushukuru mbele ya Prefasio, nasi tunajibu kwamba ni haki. Eklezia haingoji machozi yakauke.

Shukrani ya moyo wote ina mikono pia. Goma watu walichukua mawe yaleyale yaliyowaharibia, wakayapasua, wakajengea kuta. Waliopona waliwapokea wasio na nyumba. Kumfungulia jirani mlango, kusikiliza wanaochunga mlima ili watu waonywe mapema: hayo nayo ni sifa kwa Mungu.

Basi, sisi tutakaosimama siku moja altareni mbele ya watu hawa, tusiwahubirie shukrani ya midomo tu. Tushuke kwanza kwenye mawe meusi, tulie pamoja nao. Hapo tutakapoanza wimbo wa sifa, watauitikia, sababu watajua kwamba tunauimba pamoja nao.