Ndege ya Rais na Kiti Chake

Yako makosa ambayo hurudiwa na watu wenye elimu mpaka yakaonekana kuwa kweli. Mojawapo ni kudhani kwamba Air Force One ni jina la ndege fulani, kama vile meli ipewavyo jina lake siku ya kushushwa majini. Wanafunzi wangu huandika hivyo kila mwaka, nami huwasahihisha kila mwaka. Jina hilo halina chombo. Ni jina la wito, litumiwalo redioni baina ya rubani na waongozaji wa ndege walio chini, na hupewa ndege yoyote ya Jeshi la Anga la Marekani ambayo Rais wa nchi hiyo yumo ndani yake. Akishuka, jina hushuka pamoja naye, na ndege hubaki na nambari yake tu. Kanuni hii ndogo ya marubani yaingia ndani kuliko ionekanavyo. Yatuuliza madaraka ya dola huwa wapi wakati mwenye madaraka yu angani, na huwa wapi ikiwa hatui.

Rais wa kwanza wa Marekani kusafiri kwa ndege akiwa madarakani alikuwa Franklin Roosevelt. Januari 1943 alitaka kuonana na Winston Churchill mjini Casablanca, na kwa kuwa manowari za Kijerumani zipitazo chini ya maji zilikuwa zikiwinda meli katika bahari ya Atlantiki, ilionekana heri kumpitisha juu. Alipandishwa Boeing 314, ndege itulayo majini, iliyoendeshwa na shirika la Pan American. Baadaye alitengenezewa ndege yake mwenyewe yenye lifti ya kumpandisha pamoja na kiti chake cha magurudumu, naye aliitumia Februari 1945 kwenda Yalta; miezi miwili baadaye alikuwa amekufa.

Jina la wito lilizaliwa baada yake, nalo lilizaliwa kwa hofu. Mwanzoni mwa utawala wa Dwight Eisenhower, ulioanza mwaka 1953, ndege yake ya aina ya Constellation ilikuwa ikiitwa kwa nambari 8610, ikatokea ndege ya abiria ya shirika la Eastern katika anga ile ile, yenye nambari iyo hiyo. Hazikugongana, lakini wenye dhamana walitetemeka. Ndipo ikaamuliwa kwamba Rais awapo hewani asifanane na mtu mwingine yeyote.

Tarehe 22 Novemba 1963 kanuni hiyo ilijaribiwa kwa namna ambayo hapana aliyeipanga. John Kennedy alifika Dallas katika Boeing yenye nambari 26000. Makamu wake, Lyndon Johnson, alikuja kwa ndege nyingine, kwa kuwa haikuwa desturi kuwaweka wawili hao katika chombo kimoja. Saa 7 mchana madaktari walisema Kennedy amekufa. Johnson akapelekwa uwanjani, wala hakupanda ndege iliyomleta. Alipanda 26000, akakataa iondoke mpaka jeneza la Kennedy na mjane wake wafike. Viti vya nyuma viling'olewa ili jeneza lipate mahali. Mapazia ya madirisha yalikuwa yameteremshwa, na joto lilikuwa kali. Jaji Sarah Hughes aliitwa kutoka mjini; maneno ya kiapo yakapatikana kwa simu kutoka Washington; Biblia haikuonekana, ikatumika sala ya misa ya Kennedy, kitabu kilichokutwa chumbani mwake humo ndegeni. Saa 8 na dakika 38 Johnson aliapa, na Jacqueline Kennedy amesimama kando yake, nguo zake zingali na damu ya mumewe. Dakika tisa baadaye walikuwa hewani.

Wako wanasheria wasemao kwamba kiapo kile hakikumfanya Johnson kuwa Rais, maana alikwisha kuwa Rais tangu pumzi ya mwenzake ilipokatika. Mimi naona wanasheria hao wana haki, lakini Johnson naye alikuwa na haki yake. Watu wa Marekani hawakuwa wakitafuta sheria mchana ule. Walikuwa wakitafuta kuona kwamba kiti hakikubaki kitupu. Ndiyo sababu mpiga picha aliingizwa katika chumba kile chembamba, kilichojaa watu hata pasiwe na mahali pa kugeukia.

Mara ya pili haikuwa na damu. Tarehe 9 Agosti 1974 Richard Nixon, aliyekuwa amejiuzulu, aliondoka Washington kwenda California kabla ya saa 6 mchana, saa ambayo kujiuzulu kwake kulikuwa kuanze. Alipanda akiwa Rais. Ilipotimia saa hiyo, ndege ikiwa juu ya Missouri, Gerald Ford alikuwa akiapishwa Washington, na rubani akawaita waongozaji wa Kansas City kuwaarifu kwamba jina la wito limebadilika. Ndege iliruka kwa jina la dola, ikatua kwa nambari 27000.

Mifano hii miwili ni ya nchi ambayo utaratibu wa kurithi madaraka ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Sasa yatupasa kuvuka bahari na kurudi kwetu, kwa kuwa jioni moja ya mwaka 1994 ndege iliyoondoka Dar es Salaam iliziuliza nchi mbili kwa pamoja swali lile lile.

Tarehe 6 Aprili viongozi wa kanda walikutana Dar es Salaam, mwenyeji wao akiwa Rais Ali Hassan Mwinyi, kuzungumza juu ya hali ya Burundi na kutekelezwa kwa mapatano ya Rwanda yaliyotiwa sahihi Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Jioni Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda alipanda Falcon 50 yake, zawadi ya serikali ya Ufaransa, yenye wanaanga watatu Wafaransa. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, aliyekuwa madarakani kwa miezi miwili tu, alipanda pamoja naye. Alikuwamo pia mkuu wa majeshi ya Rwanda, Déogratias Nsabimana. Kiasi cha saa 2 na dakika 20 usiku, ikikaribia kutua Kigali, ndege ilipigwa kombora, ikaangukia bustani ya nyumba ya Habyarimana mwenyewe, Kanombe. Watu wote 12 walikufa. Mkono uliorusha kombora umebishaniwa kwa miaka mingi, na mwaka 2018 majaji wa Ufaransa walifunga shauri walilokuwa nalo bila kumfikisha mtu yeyote mahakamani. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka watu wazima wakiisogelea redio, wakitunyamazisha.

Kwa sheria, kifo cha Rais hakiui serikali. Alikuwako Waziri Mkuu, Agathe Uwilingiyimana, aliyekusudia kusema na wananchi redioni asubuhi. Alikuwako Joseph Kavaruganda, mkuu wa Mahakama ya Katiba, mtu wa kupokea kiapo cha Rais mpya. Tarehe 7 Aprili wote wawili waliuawa, na askari kumi wa Kibelgiji waliotumwa na Umoja wa Mataifa kumlinda Waziri Mkuu wakauawa siku iyo hiyo. Dallas jaji aliitwa aje apokee kiapo; Kigali jaji alitolewa nyumbani kwake asipate kupokea kiapo cha mtu.

Husemwa mara nyingi kwamba kuanguka kwa ndege ndiko kulikoleta mauaji ya kimbari ya Watutsi. Sikubali. Orodha za majina, silaha zilizogawiwa na redio ya uchochezi vilikuwako kabla ya ndege ile kuondoka Dar es Salaam. Kilichotokea usiku ule ni kwamba kiti kiliachwa wazi, na waliokitaka walianza kwa kuwaondoa wale wenye haki ya kusema ni cha nani. Katika muda wa siku 100 mamia ya maelfu ya watu waliuawa.

Na Burundi? Ilipoteza Rais wake katika chombo kile kile, dakika ile ile. Wala haikuwa nchi ya amani: Melchior Ndadaye, Rais aliyechaguliwa na watu, aliuawa na askari Oktoba 1993, na umwagaji wa damu ukafuata. Mtu angetazamia Bujumbura iwake kabla ya Kigali. Lakini Spika wa Bunge, Sylvestre Ntibantunganya, ambaye mkewe aliuawa katika machafuko yale ya Oktoba, alishika nafasi ya Rais, akatokea hadharani pamoja na wakuu wa jeshi kuwasihi watu watulie. Sisemi kwamba Burundi iliokoka. Vita vyake viliendelea miaka mingi. Nasema kwamba usiku ule alikuwako mtu wa kuitwa kwa jina la dola, na wenye bunduki walikubali kusimama kando yake.

Boeing 26000 ilistaafishwa mwaka 1998, nayo imewekwa katika jumba la makumbusho Dayton, Ohio, ambako wageni hupanda wakaonyeshwa mahali palipong'olewa viti. Nyumba ya Kanombe nayo imefanywa jumba la makumbusho, na vipande vya Falcon vimelala nyuma ya ukuta wa bustani yake, pale vilipoangukia.