Mbiu ya Mgambo

Mbiu ya mgambo ni mwito wa hadhara ambao kwa huo wakazi wa miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki walijulishwa amri ya mtawala au jambo la dharura. Na asili ya jina ni pembe ya nyati, iliyopigwa kwa kijiti au kupulizwa, hata sauti yake ikapenya vichochoroni na kuwafikia waliomo majumbani. Mpiga mbiu alitanguliza mlio, ndipo akanadi habari yenyewe kwa ufasaha. Na tartibu hii, kwa rai yetu, ina hekima kubwa, maana aliyeshtushwa pasipo kuelezwa huenda akaikimbilia hatari ileile.

Lakini moto uzukapo, au mwizi aingiapo usiku, hapana wasaa wa kumngoja mpiga mbiu: aliyefikwa hupiga ukunga, na kila jirani ausikiaye hutoka na alichonacho mkononi, kwani kuusikia na kukaa kitako ni aibu isiyosahauliwa mtaani. Kwa Wasukuma ukunga huo huitwa mwano, nao ulipata nguvu mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipozuka walinzi wa kijadi waitwao Sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe.

Utaratibu wa nyumba kumi, uliowekwa na chama cha TANU nchini Tanzania katika miaka ya 1960, na ambao Kenya nayo iliufuata tangu 2013, ulimkabidhi balozi, yaani kiongozi wa nyumba hizo, kazi ya kupeleka habari mlango kwa mlango. Siku hizi simu hutangulia. Hata hivyo msiba ungali ukitangazwa kwa vipaza sauti vya misikiti.